Moyo Uliotulia Kila Ulipopimwa

Mtu wa kwanza kumwona mama mkwe akizimika alikuwa Fundi, na huo ulikuwa mkosi tangu mwanzo, kwa kuwa katika ukoo ule, likija suala la mama, neno la mkwe ndilo lililosikilizwa mwisho.

Alikuwa fundi cherehani. Hata mkewe alimwita Fundi. Kazi aliifanyia sebuleni, karibu na dirisha, mbele ya lundo la vitambaa ambalo halikuwahi kupungua. Mkewe alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, siku mbili yuko huku, siku tatu yuko kule, na mama yake alipobaki mjane alikuja kuishi nao. Kwa hiyo mchana, mara nyingi, nyumba ilikuwa ya watu wawili, mkwe na mama mkwe, na kila mmoja alijitahidi asimkwaze mwenzake. Fundi alipiga hodi hata akiingia jikoni kwake mwenyewe. Mama naye hakutoka chumbani bila kukohoa kwanza.

Lakini walipendana. Mama alikuwa mpokeaji simu wa posta enzi zile za ubao wenye matundu na nyaya za kuchomeka, na alikuwa na hadithi za watu aliowaunganisha, wachumba, wafanyabiashara, wagomvi. Alipenda kukaa mkabala na cherehani akifumua mishono iliyokosewa, vidole visilale, na kusimulia.

Siku hiyo alikuwa akisimulia habari za bosi mmoja wa posta.

"Sasa akanijia pale mezani, kavuta kiti, akaniambia..."

Akanyamaza. Fundi alidhani anatafuta neno. Alipoinua macho aliona wembe umedondoka, kichwa kimeegemea nyuma, macho yametazama dari bila kutazama kitu, na uso umepauka kama jivu.

"Mama?"

Fundi aliruka akamfikia, akanyoosha mkono kumshika bega, akaurudisha. Akaunyoosha tena. Hakujua ashike wapi, hakujua akishashika afanye nini. Pumzi yake mwenyewe ndiyo aliyoisikia. Kisha damu ikarudi usoni kwa mama kwa kishindo, mashavu yakaiva, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akapepesa macho.

"...akaniambia binti, sauti yako inaniharibia kazi," akamalizia, kisha akamwona Fundi amesimama juu yake. "Vipi baba, mbona umenisimamia hivyo?"

"Mama, umezimia."

"Nani?"

Hakukubali. Alisema amesinzia, joto limezidi, na kwamba hadithi ile ndefu ingemlaza hata ng'ombe. Halafu akatafuta wembe wake chini ya kiti na kuendelea kufumua. Alimwomba jambo moja tu: "Usimwambie mwanangu. Huko kwenye treni anakutana na vituko vya kumtosha."

Fundi alimwambia. Angenyamazaje? Mkewe akasema kwenye simu, huku reli zikigonga nyuma yake, "Mpeleke hospitali kesho asubuhi."

Chumba cha kipimo cha moyo kilikuwa mwisho wa ukumbi, kidogo, kina kitanda chenye mpira mweusi, pazia la kijani, na mashine juu ya meza ya magurudumu. Mpimaji alikuwa dada mwenye sauti ya chini, mikono yake ikinukia spiriti. Alimwonyesha Fundi kiti nje ya pazia. Hata asingeonyeshwa angekaa hapo hapo.

Akasikia kila kitu. Akasikia mama akivua blauzi. Akasikia mpimaji akimwambia alale chali, mikono ubavuni, asikunje ngumi, alegeze mabega.

"Hivi vya miguuni ni vibanio vya nguo?" mama aliuliza.

"Vinafanana, mama. Viwili mikononi, viwili miguuni, halafu hivi sita kifuani. Vitakuwa baridi kidogo."

"Nyaya kumi. Mimi ofisini nilikuwa nazo mia, nazichomeka huku na huku kutwa nzima. Leo zimekuja kunilipiza."

"Usicheke, mama. Karatasi itachafuka. Mashine inanasa hata msuli ukitikisika."

"Na umeme mnanitia kiasi gani?"

"Hatukutii hata kidogo. Ni wako mwenyewe. Moyo kila unapopiga unatoa umeme mdogo sana, unasambaa mpaka kwenye ngozi. Mashine inausikiliza tu, inauchora."

"Basi wangu haukatiki kama wa mtaani."

"Tulia sasa, mama. Pumua kawaida. Usiongee."

Mashine ikavuma, karatasi ikasikika ikitoka, kisha ikakatwa. Ilikuwa imekwisha kabla Fundi hajakaa vizuri.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliitandaza karatasi ile mezani. Ilikuwa ya viboksi vidogo vya rangi ya waridi, na juu yake mistari myeusi ya kupanda na kushuka. Aliwaonyesha kwa ncha ya kalamu. Kilima hiki kidogo ni vyumba vya juu vya moyo vikipokea amri. Mlima huu mrefu ni vyumba vya chini vikipiga, ndivyo vinavyosukuma damu mwilini. Kilima hiki cha mwisho ni moyo ukijiandaa upya. Kilima, mlima, kilima. Kilima, mlima, kilima.

"Safi kabisa," alisema. "Presha nayo nzuri, sukari nzuri."

"Lakini jana alizimika, daktari. Nilimwona."

"Sikukatalii. Karatasi hii imenasa sekunde kama kumi, na katika sekunde hizo moyo wa mama ulikuwa sawa. Ule wa jana mimi sikuuona."

Mama alimgeukia Fundi na tabasamu la mtu aliyeshinda kesi. Njia nzima ya kurudi alisifu ule mlima mrefu kama vile ameuchora yeye.

Mara ya pili alianguka uani akianika nguo. Fundi alisikia beseni likigonga sakafu, akatoka mbio, akamkuta amelala ubavu, shavu limechubuka, shuka lenye maji limemfunika nusu. Safari hii alimshika. Alimwinua kichwa, akaweka vidole shingoni kama alivyowahi kuona watu wakifanya, na chini ya vidole vyake hapakuwa na kitu. Ngozi tu, yenye joto. Akasubiri. Kisha pigo moja likaja, zito, kama mtu aliyebisha mlango kwa kiwiko, na jingine, na jingine, na mama akafumbua macho na kuuliza kama shuka limechafuka.

Jirani mwenye gari aliwapeleka. Kulikuwa na foleni getini, foleni ya kuandikishwa, foleni mlangoni kwa daktari. Mama alipofika kwenye kile kitanda cha mpira mweusi alikuwa amechangamka, anamuuliza mpimaji kama ameolewa. Mashine ikavuma. Kilima, mlima, kilima.

"Ningekuwa nawe uani kwenu na mashine yangu, ningeunasa," mpimaji alimwambia Fundi walipokuwa wakitoka. Hakuwa akimdhihaki. Alionekana kusikitika kweli.

Daktari alisema kuna kimashine cha kuvaa, mgonjwa anatembea nacho kutwa kucha kikinasa kila pigo. Hapo hawakuwa nacho. Kilikuwa hospitali kuu, kwenye jiji alikoishi shemeji yake Fundi, na waliokisubiri walikuwa wengi. Jina la mama lingepelekwa.

Shemeji mwenyewe alipiga simu jioni hiyo. Alikuwa kaka mkubwa wa mkewe, mkuu wa shule ya sekondari, mtu aliyezoea akinyamaza na wengine wanyamaze. Kwao walimwita Mkubwa, na jina lilimkaa.

"Shemeji, karatasi mbili zinasema mama mzima. Wewe unasema mgonjwa. Sisi tumwamini nani?"

"Nilimshika mwenyewe, shemeji. Mapigo hayakuwepo."

"Wewe umesomea mapigo?"

"Hapana."

"Sikiliza. Kama nyumba imewabana, sema kiume. Mama ana watoto, hakosi pa kukaa. Lakini usimfanye mama yangu mgonjwa ili umpatie safari."

Maneno ya kujibu yalimjaa Fundi kinywani mpaka mataya yakamuuma. Lakini huyo ni shemeji mkubwa, na mama mwenyewe alikuwa chumba cha pili, na ukuta ule ulipitisha sauti. Akasema, "Sawa, shemeji," akaweka simu juu ya cherehani, akakaa akiitazama.

Mkewe aliomba mapumziko ya siku mbili. Tangu asubuhi alikaa na mama yake kama askari wa lindo, akamfuata jikoni, akamfuata uani, akala akimtazama mdomoni. Mama alipika, akacheka, akamsuka. Hakuna kilichotokea. Siku ya pili jioni, mama akiwa anaoga na mwanawe amesimama nje ya mlango wa bafu, Fundi alimwona mkewe anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Labda ni usingizi tu, Fundi. Watu wazima husinzia."

"Usingizi haumpaushi mtu namna ile."

"Unataka niseme nini? Niseme mama yangu anakufa, na karatasi zinasema haumwi?"

Fundi hakutaka aseme hivyo. Alitaka mtu mmoja tu aone alichoona.

Kuanzia hapo kazi ikamwendea kombo. Alishona mguu wa suruali ndani nje. Kila mama aliponyamaza katikati ya hadithi, moyo wake yeye ndio uliokimbia. Na polepole, akiwa ameinamia sindano, alijikuta anaomba jambo la ajabu: kwamba kama lazima kile kitu kije, kije pale hospitalini, juu ya kile kitanda, nyaya zikiwa zimebandikwa. Aliomba hivyo asubuhi na mchana. Alijua anachoomba ni nini. Hakuacha.

Mama naye alikuwa na ombi lake. "Baba, usiwapigie simu tena. Nikianguka niokote, tuendelee na kazi."

"Na siku nikishindwa kukuokota, mama?"

Mama alifumua mshono mzima kwanza. "Siku hiyo halitakuwa kosa lako," alisema mwishowe, na Fundi alitambua kwamba siku zote mama amekuwa akijua.

Safari ya tatu ilikuwa ya miadi tu. Mkubwa alikuja mwenyewe, amevaa koti na viatu vya kung'aa, alisema ili alimalize jambo hili. Aliketi kwenye kiti kile cha nje ya pazia, Fundi akasimama. Mkewe alikuwa kazini. Daktari alikuwa amemwagiza mpimaji aiache karatasi itembee kwa muda mrefu zaidi kuliko kawaida, basi ikawa inatoka, inatoka, inajikunja sakafuni na ncha yake ikachungulia chini ya pazia.

"Mama huyu anaumwa nini hasa?" Mkubwa alinong'ona, si kwa ubaya, ni kama anayejiuliza.

Hapo sauti ya mpimaji ikabadilika.

"Mama? Mama, unanisikia?"

Karatasi iliendelea kutoka. Fundi aliinama, akaitazama ile ncha iliyokuwa ikisogea kwenye sakafu. Kilima kidogo. Kisha pale ulipostahili kuwa mlima, mstari ulionyooka. Kilima kidogo kingine, mstari. Kingine, mstari. Vilima vilipita vikifuatana kama watoto waliopotezana na mama yao, na mlima haukuja.

"Muuguzi," mpimaji aliita. Hakupaza sauti, ila kila mtu ukumbini aligeuka. Pazia likavutwa. Mama alikuwa amefunikwa shuka mpaka shingoni, uso ule ule wa jivu, na mpimaji alikuwa ameshaweka viganja viwili katikati ya kifua chake, tayari kukandamiza.

Mkubwa alikuwa amesimama. Mikono yake aliinyoosha mbele, vidole vimetanuka, haikugusa chochote. Fundi aliitambua mikono ile. Alikuwa nayo yeye sebuleni siku ile.

Mpimaji alikandamiza mara moja, na kabla hajarudia, mashine ikapiga mlio, na mlima mmoja ukajichora, mpana, umekaa vibaya. Kisha mwingine. Kisha ikawa kilima, mlima, kilima, na mama akashusha pumzi, na uso wake ukaiva.

"Nimecheka?" aliuliza. "Nimeichafua karatasi?"

Kile alichokiomba Fundi kilikuwa kimekuja mahali alipokiomba. Alitarajia angalau atapata nafuu. Badala yake alijikuta amekaa sakafuni, juu ya karatasi yenyewe, na muuguzi akamwambia kwa upole ainuke maana daktari ataihitaji.

Daktari aliwaeleza pale pale kitandani. Ndani ya moyo kuna njia ya umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Ya mama ilikuwa imechakaa. Siku nyingi ilipitisha, na dakika fulani, bila taarifa, ilikata. Vyumba vya juu vinaita, vya chini havisikii.

"Simu inaita, haipokelewi," mama alisema.

Daktari alicheka kidogo. Mkubwa hakucheka. Aliuliza dawa ni ipi, na akaambiwa hakuna dawa ya kumeza kwa hilo. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, chenye waya unaoingia mpaka moyoni, nacho kinaukumbusha kupiga kila unaposahau. Huwekwa hospitali kuu. Wangempeleka kwa gari la wagonjwa, kitanda kikipatikana huko.

Wakasubiri kitanda. Mama alilazwa wodini, amebandikwa nyaya, na juu ya kichwa chake skrini ndogo ikichora mstari wa kijani usiokoma. Mkewe Fundi alishuka kwenye treni akaja na sare yake. Wakawa watatu kuzunguka kitanda kile. Mkubwa alipiga simu kwa kila aliyemfahamu, wakurugenzi, wazazi wa wanafunzi, daktari mmoja aliyesoma naye, na wote walimpa pole na kumwambia asubiri. Fundi hakuwahi kumwona akizungumza na watu wasiomtii. Alimwonea huruma, na huruma hiyo nayo hakuwa na pa kuipeleka.

Mara kwa mara mstari ulinyooka na skrini ikalia. Walioweza kufanya kitu walikuja mbio, nao watatu wakasogea ukutani kuwapisha. Mara moja mama aliporudiwa na fahamu alisema, "Igeuzeni hiyo televisheni, sitaki kuiona." Muuguzi akaigeuza. Tangu hapo haikumtazama mama, iliwatazama wao, na hakuna aliyeweza kuangalia pembeni.

Kitanda kilipatikana. Gari lilikuwa na nafasi ya ndugu mmoja, na ndugu huyo alikuwa Mkubwa, bila mjadala. Fundi alibaki getini ameshika kandambili za mama mkononi, zilizosahauliwa chini ya kitanda.

Kifaa kiliwekwa salama. Mkewe alipompa habari hizo, Fundi alikaa kwenye cherehani akakata kitambaa cha pamba chepesi, chenye maua madogo ya bluu. Mpimaji, alipokutana naye dukani, alikuwa amemwambia kwamba mama hataweza kuinua mkono wa kushoto kwa wiki kadhaa, wala kuvaa kitu cha kupitisha kichwani. Basi alimshonea blauzi ya kufunguka mbele, bega la kushoto lenye vifungo, mkono mpana. Hakuwahi kumpima mama mkwe. Hilo halifanyiki. Alipimia gauni la zamani la mama lililokuwa kabatini kwa mkewe.

Walisafiri pamoja kwenda kumchukua. Fundi alikuwa ameshapanga moyoni: kiti cha mama kitasogezwa karibu na dirisha, uani hataanika tena, nguo ataanika yeye.

Mkubwa aliwapokea ukumbini. Alimshika Fundi mkono kwa mikono miwili, na kwa muda ilionekana kama anatafuta kusema jambo kubwa.

"Shemeji, siku ile kwenye simu..." alianza. Akasafisha koo. "Mama atakaa kwangu. Hospitali iko hapa, kifaa kinahitaji kukaguliwa mara kwa mara, na kule kwenu akipata shida mtafanya nini? Nimeshamwandalia chumba."

Hakuna neno hata moja lililokuwa na kosa. Kule kwao akipata shida wangefanya nini? Fundi alijua jibu kuliko mtu yeyote duniani. Alimtazama mkewe. Mkewe aliangalia viatu vyake.

"Kaka ameshaamua," alisema taratibu. "Na ni kweli, Fundi."

"Mama mwenyewe anasemaje?"

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto umefungwa kwenye kitambaa cha kuning'inia. Alikuwa amekuwa mdogo. Alimsalimia Fundi, akauliza habari za wateja, akauliza kama yule mama wa suti ya kijivu ameshalipa. Kisha akasema, huku akitazama dirisha, "Mtoto wangu wa kwanza ameniomba, baba. Nitamwambiaje hapana?"

Fundi alisema, "Ni sawa, mama." Alimpa blauzi ndani ya mfuko wake. Mkewe akavuta pazia, akamvalisha, na walipolifungua Fundi aliona mara moja, kwa jicho la kazi yake, kwamba mabega yamezidi. Mama alikuwa amekonda kuliko gauni la zamani lilivyojua. Mshono wa bega la kulia ulikuwa umeshuka karibu nusu ya mkono, na shingo ilikuwa wazi. Ilikuwa kazi ya dakika chache, kupunguza pande mbili na kurudisha kola. Sindano alikuwa nayo, imechomekwa kwenye ukosi wa shati lake kama kawaida.

Lakini Mkubwa alikuwa ameshabeba begi, na dereva anasubiri chini, na isingewezekana mkwe kumsogelea mama mkwe na kumkunja nguo mabegani mbele ya watu.

"Imenikaa vizuri," mama alisema, akiivuta mbele kwa mkono mmoja uliokuwa mzima.

"Imekukaa, mama," alisema Fundi.

Wakashuka ngazi polepole, Mkubwa amemshika mama kiwiko, mkewe nyuma yao na dawa. Fundi aliwafuata mwisho, akilitazama lile bega likiteleza kila hatua, na mama akilirudisha, na likiteleza tena.